Mbuzi Wawili wa Benki ya Dunia

Mwenzangu mwenye mke, watoto na mama mkwe aliye hai na mwenye kumbukumbu nzuri, nakuusia jambo moja: ukirudi nyumbani jioni ukakuta karatasi ya manila imebandikwa sebuleni, usianze kuuliza habari za chakula. Chakula kipo. Isome kwanza hiyo karatasi, ujue umeshtakiwa kwa kifungu gani.

Yetu ilibandikwa juu ya kalenda, ikafunika miezi mitatu. Ilikuwa na maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa kalamu nene ya bluu, yakishuka toka juu hadi chini: kapitali, profiti, losi, loni, intresti, balansi, stoku, garanta. Kando ya kila neno palichorwa picha kwa ajili ya wasiojua kusoma. Penye profiti palichorwa mama anayecheka mbele ya fungu la nyanya. Penye losi palichorwa mwanamume. Hafanyi lolote, amesimama tu, mikono mfukoni. Nilipouliza kwa nini wamemchora mwanamume, nikaambiwa huo ni mfano tu, nisiwe na wasiwasi.

Aliyeibandika ni mke wangu, ambaye humu ndani anaitwa Gavana. Jina hilo nilimpa mimi zamani kwa utani, kwa kuwa noti za Uganda hubeba sahihi ya gavana wa Benki Kuu, na kwetu hakuna noti inayovuka kizingiti bila ridhaa yake. Utani ukakua, ukawa cheo. Siku hizi hata watoto wa jirani wakitumwa kuomba chumvi husema, "Shikamoo, Mama Gavana."

Tunaishi Omugo. Kwa asiyeijua, iko Terego, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2020. Ni nchi ya mihogo, miembe na vumbi. Mwaka 2017, watu walipokuwa wakimiminika kutoka Sudan Kusini wakikimbia vita, wenyeji walitoa ardhi, na makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp yakapanuliwa hadi kwetu. Ndiyo maana kikundi cha akiba cha Gavana kina Walugbara wa vijiji vya jirani pamoja na akina mama waliotoka Yei na Morobo. Hukutana chini ya mwembe kila wiki, na mkutano mmoja hupita katika Kilugbara, Kikakwa, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha sokoni, bila mkalimani na bila mtu kulalamika kwamba hakuelewa. Penye fedha kila mtu huelewa.

Sanduku lao nimeliona kwa karibu, kwa sababu niliitwa siku moja kulibeba. Ni la bati, limepakwa rangi ya kijani iliyobanduka kwenye pembe, na lina kufuli tatu mbele. Funguo zake tatu hushikwa na wanawake watatu, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote. Mwanachama hununua hisa moja hadi tano kila mkutano, na kila hisa hugongewa mhuri kwenye kijitabu chake, hivyo hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri. Kabla ya kufunga, wahesabu fedha hutangaza kilichobaki, na wote hukikariri kwa sauti, asije mtu wiki ijayo akasema yeye alisikia vingine. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipowafundisha akina mama wa vijijini kuweka na kukopeshana wenyewe bila benki, kisha ukasambaa Afrika. Mimi ni mtumishi wa serikali mwaka wa ngapi huu, na sijaona ofisi inayolinda fedha kwa adabu hiyo.

Kikundi kilikwenda vizuri bila Kiingereza. Shida ililetwa na fomu. Februari 2022 serikali ilizindua mpango wa maendeleo ya parishi, ambao huku kila mtu anauita PDM: shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, na kaya inaweza kukopa hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Fedha zikaja na karatasi, na karatasi zikaja na Kiingereza. Akina mama wanaohesabu fedha za watu thelathini kwa kichwa wakajikuta wanaombwa kuweka dole gumba chini ya maneno wasiyoyajua. Wakagoma. Wakamwambia kijana mwezeshaji anayekuja kwa pikipiki kwamba kabla hajaleta wino, alete maneno kwanza.

Akayaleta, maneno manane kila mwezi, pamoja na kazi ya nyumbani: kila mwanachama ayatumie maneno hayo nyumbani kwake mpaka yazoeleke mdomoni.

Mwenzangu, hiyo kazi ya nyumbani ndiyo mimi.

Angekuwa Gavana peke yake ningemudu. Lakini tuna binti mkubwa aliye sekondari, mwaka wa pili. Tangu mtaala mpya ulipoanza mwaka 2020, mwanafunzi wa miaka miwili ya kwanza ya sekondari hasomi Kiswahili akipenda, anakisoma kwa lazima. Na ujasiriamali nao ni wa lazima. Mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili. Kwa hiyo binti yangu hubeba somo la baba na somo la mama katika mkoba mmoja, na la mama ndilo linalopata maksi. Tangu manila ilipoingia, yeye ndiye mwalimu wa usiku: taa ya sola katikati ya meza, mama upande huu na daftari, binti upande ule na kitabu chake cha shule, na mimi pembeni nasahihisha insha gizani kwa sababu taa imepelekwa kwenye uzalishaji. Huyu tunamwita Odita.

Mdogo wake wa kiume anaitwa Petikeshi. Ukimtuma dukani na shilingi 5,000 akanunue sabuni, sabuni itarudi na Petikeshi atarudi, lakini chenji haijawahi kurudi tangu azaliwe. Hana ubaya. Hukutana na mandazi njiani.

Basi maneno yakaanza kazi. Wiki ya kwanza lilikuwa profiti, nikafurahi, maana ni neno la heri. Gavana akaketi na Odita wakapiga hesabu ya kila mmoja wetu: anaingiza nini, anatoa nini. Kuku walionekana wana faida. Mwembe ulionekana una faida kubwa, maana haudai chochote. Ilipofika zamu yangu, Gavana aliuliza swali moja tu, kwa upole: "Mwalimu, hivi chuoni nani alikushauri usomee Kiswahili?"

Swali hilo lina historia. Julai 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa sanaa tuligoma, tukapiga kelele, tukarudi darasani tulivyokuwa. Jirani yetu anafundisha fizikia. Ana paa jipya la bati la rangi nyekundu, na jua likiwaka asubuhi mwanga wake huingia moja kwa moja dirishani kwetu, ukampiga Gavana usoni akiwa bado hajanywa chai. Siku za mawingu mimi hupata amani.

Wiki iliyofuata Odita aliongeza neno ambalo halikuwa hata kwenye manila, alilitoa shuleni: opotuniti kosti. Nilikuwa nimemtuma maji. Akafunga daftari taratibu, akasema, "Baba, nikienda bombani kuna foleni. Saa moja ninayokaa kule ni saa moja nisiyosoma. Hiyo ni gharama, na lazima mtu aibebe." Nikamwambia mwenye kuibeba ni yeye, pamoja na jerikeni. Gavana akainua macho kutoka kwenye kitabu. Hakusema neno. Nikachukua jerikeni ya lita 20 nikaenda mwenyewe, na akina mama wa foleni wakanipisha mbele kwa huruma ambayo sikuiomba.

Niseme ukweli, mambo haya ya kununua na kuuza si mageni kwangu. Kabla ya chuo nilikuwa utingo wa lori kati ya Koboko na Ariwara, upande wa Kongo, na Kiswahili changu nilikiokota huko kabla sijakutana na ngeli. Pale Koboko, penye mpaka wa nchi tatu, nilikuwa nawatazama akina mama wenye aproni ya mifuko minne: mmoja wa shilingi, mmoja wa faranga za Kongo, mmoja wa pauni za Sudan, na wa ndani kabisa wa dola. Anakuuzia nyanya, unalipa kwa hii, anakurudishia kwa ile, na bei ya leo ya fedha zote nne anayo kichwani. Muulize kitu gani kinaitwa ekschenji reti, atakuuliza kama unanunua au hununui.

Mzee Tumbaku yuko upande wangu katika hili. Ni baba yangu mdogo, amezeeka, na alipata jina hilo kwa kulima tumbaku miaka mingi. Ndiye mtu pekee anayekuja kwangu bila daftari. Kila akisikia Gavana na Odita wakikariri maneno yao, hutikisa kichwa na kuanza hadithi zake, na hadithi zake hazina kituo cha kushukia. Mwaka 1972, anasema, Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke, maduka yao yakagawiwa watu ambao hawajawahi kuuza hata njugu. Watu wakawabandika jina la mafuta mingi. Mzee anaapa kwamba aliingia duka moja akakuta mwenye duka mpya hajui bei ya shati, akasoma namba iliyoshonwa kwenye kola, akasema hiyo ndiyo bei. Mzee, mwenye shingo namba 14, akalipa shilingi 14. Rafiki yake mwenye shingo nene akalipa 17, na hakumsamehe Mzee mpaka anaingia kaburini. Kisa hicho nimekisikia kwa wazee wengine pia, kila mmoja na shingo yake.

"Unaona?" Mzee humalizia. "Fedha haihitaji Kiingereza. Inahitaji macho."

Jioni moja Gavana alimkaribisha chai, akamjazia sukari, kisha akamuuliza kuhusu mwaka 1987. Nikajua kwamba mzee wangu amekwisha. Mei mwaka ule serikali ilibadilisha shilingi: sifuri mbili zikakatwa, na juu yake ikakatwa asilimia 30. Mzee alikuwa na kopo la fedha za tumbaku chini ya kitanda. Alipeleka shilingi 100,000, akapewa 700.

"Baba," Gavana akasema, "ukikata sifuri mbili inabaki elfu moja. Zile mia tatu nyingine walikwambia zimekwenda wapi?"

Mzee akatazama ndani ya kikombe. "Walisema neno moja la Kiingereza," akajibu. "Nikatikisa kichwa. Wote kwenye foleni walikuwa wanatikisa kichwa."

"Basi ndiyo maana najifunza," Gavana akasema, akamwongeza chai.

Tangu siku ile Mzee Tumbaku hajabishana tena. Juzi nilimkuta anamuuliza Odita, kwa sauti ya chini, asilimia inaandikwaje. Ndivyo nilivyobaki peke yangu.

Sasa tufike kwenye janga lenyewe. Neno la wiki lilikuwa stoku, na kazi ya nyumbani ilikuwa kuhesabu kila kitu kilichomo ndani ya nyumba na kukiandika. Wakaanza asubuhi ya Jumamosi. Wakahesabu sufuria, vijiko, majembe, mikeka, kuku, hata viti vyenye miguu mitatu, ambavyo Odita aliviweka kwenye safu yake peke yake kwa jina la stoku mbovu. Petikeshi akakimbia kutwa nzima akipiga kelele za idadi, na kila alipotoka jikoni idadi ya mayai ilikuwa imepungua. Mimi nilikaa kivulini nikitabasamu, maana nilikuwa na siri, na siri yangu ilikuwa mahali ambapo katika nyumba hii hapaguswi na mtu.

Nina Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Ni nakala ya zamani, jalada limegandishwa kwa gundi, na humo ndani nilikuwa nimeweka noti tatu za 50,000, zile zenye picha ya sokwe. Zilikuwa akiba ya mwanamume. Usiniulize ya nini. Wewe pia unayo. Nilizilaza kwenye DH, sehemu nyembamba isiyopitiwa, katikati ya dhamana na dhiki.

Ilipofika saa kumi Odita akakwama. Orodha ilikuwa imekamilika, wakahamia neno la mwisho la manila, garanta, na Gavana akataka kujua kwa Kiswahili anaitwaje huyo mtu anayetia sahihi ili mwingine akope. Odita akasema mdhamini. Mama akamuuliza una hakika? Na mtoto, kwa sababu nimemlea vizuri na kumfundisha mwenyewe kwamba mwenye shaka hufungua kamusi, akafungua kamusi.

Sokwe wakamdondokea mapajani mmoja mmoja.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeweza kukana. Aliziokota, akazinyoosha juu ya meza, akachukua kalamu, akauliza, "Mama, hizi niandike safu gani?"

Gavana alizitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Akanisomea methali. Methali yenyewe ni ile ninayoifundisha kila mwaka, nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu, na yeye aliijua kwa kunisikia nikiirudia nikisahihisha madaftari: mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha noti zikaingia kwenye daftari, na ndivyo nilivyopata habari zake za mwisho.

Ningeweza kuishia hapo ukanipa pole. Lakini Jumapili ilifuata, na Jumapili alikuja Benki ya Dunia.

Huyu ni mama mkwe. Jina hilo pia ni langu, na nililitunga kwa sababu mbili: kwanza hukopesha kwa masharti, pili hufika kukagua. Kwa heshima za kwetu mkwe hakai uso kwa uso na mama wa mkewe. Yeye huketi mkekani mlangoni pa jikoni, mimi huketi kitini karibu na ghala, na neno lolote kati yetu hubebwa na mtoto. Miaka yote mtoto huyo alikuwa anabeba salamu tu. Jumapili ile alikuwa Odita, na alikuwa anabeba kikokotoo.

Ndugu yangu, nina deni. Ng'ombe wa mahari niliwatoa wote. Walibaki mbuzi wawili, mmoja wa mama mkwe mwenyewe na mmoja wa mjomba, na kila mtu akakubali kwamba nitawaleta "baadaye". Ilikuwa miaka 15 iliyopita. Wazee wetu walishaonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, lakini bado tuko hai, kwa hiyo niliona sijachelewa. Mbuzi hao walikuwa wanatajwa kwa utani mara moja kwa mwaka, tunacheka, tunakula.

Sasa bibi akamkuta mjukuu wake anamfundisha mama yake intresti. Akauliza ni kitu gani. Odita akamweleza vizuri, maana ana kipaji: mtu akikaa na mali yako, mali hiyo inatakiwa izae, na ikizaa, hata watoto wake wanatakiwa wazae. Benki ya Dunia akanyamaza kidogo.

"Mbuzi huzaa," akasema.

Odita akavuka uwanja hadi ghalani. "Baba, Bibi anasema mbuzi huzaa."

Nikamwambia amwambie Bibi kwamba ni kweli, huzaa, na tumshukuru Mungu. Akavuka. Akarudi. "Baba, Bibi anauliza, wale wawili wamezaa wangapi tangu mwaka ule?"

Odita akaona afadhali apige hesabu, haki itendeke. Akaanza na riba ya PDM, asilimia 6 kwa mwaka, ikijilimbikiza kwa miaka 15. Wakatoka mbuzi wanne na sehemu kubwa ya wa tano. Nikamwita nikamwambia anachinja nini hapo, mbuzi gani huyo wa sehemu. Akaenda akarudi. Bibi hataki riba ya serikali. Bibi amesikia kwamba kikundi cha chini ya mwembe hutoza asilimia 10 kwa mwezi, na yeye ni mtu wa kikundi. Odita akabonyeza, akatazama kioo, akabonyeza tena, akageuza kikokotoo kuona kama betri inaingia vizuri. Wakatoka mbuzi zaidi ya milioni 56.

Sensa ya mifugo ya mwaka 2021 ilihesabu mbuzi kama milioni 17 katika Uganda nzima. Nikamtuma Odita na habari hiyo, kwamba hata nikikusanya kila mbuzi kuanzia Koboko hadi Kisoro, nikabisha hodi kwa Rais mwenyewe, bado nitabaki nadaiwa. Benki ya Dunia akajibu kwamba yeye hana haraka.

Aliyeniokoa ni Gavana, na sidhani aliokoa mume. Aliokoa hazina, maana mbuzi hao wangetoka mfuko uleule. Alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama katikati ya uwanja, na kwa mara ya kwanza niliyasikia yale maneno yakitumika kunitetea. Kikundi, akasema, hakikopeshi kwa miaka 15. Loni ni miezi mitatu. Haizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, na akiba ya huyu mnaijua. Riba haijilimbikizi. Na hakuna loni bila garanta. Mama, garanta wa wale mbuzi alikuwa nani?

Kimya. Garanta alikuwa baba mkwe, ambaye wakati wote huo alikuwa amelala chini ya mwembe, kofia usoni, na ghafla akaanza kukoroma kwa bidii.

Wakapatana mbuzi watano, kwa awamu. Noti zangu tatu zilimnunua wa kwanza kabla ya jua kuzama. Benki ya Dunia akaondoka na kijitabu chenye mihuri, ukurasa wa kwanza umegongwa, na tangu siku ile hufika kila mwisho wa mwezi, akaketi mkekani, akamtuma Odita aje aulize kama kuna chochote cha kugonga.

Wakati huo Gavana akaenda kujaza fomu ya PDM. Aliijaza mwenyewe, mstari kwa mstari, na penye sahihi alitia sahihi. Dole gumba hakuliweka. Watu wa ofisini walimwita mwenzao aje aone. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nakwambia mwenzangu, pamoja na yote niliyotendewa, kifua kilinijaa. Aliponigeukia akasema, "Mwalimu, njoo utie sahihi hapa, wewe ni shahidi," nikatia bila kusoma. Watu wote walikuwa wanatikisa kichwa.

Fedha zikanunua mbuzi. Watoto wakawapa majina: yule mkubwa mtulivu anaitwa Prinsipali, na yule mdogo asiyeshiba anaitwa Intresti. Wiki ya pili Intresti alikata kamba, akaingia sebuleni, akala mitihani ya Kiswahili ya darasa zima la mwaka wa kwanza, pamoja na mpira ulioifunga. Alianza na insha, akaziacha shadda na vokali. Nikadai fidia. Odita akafungua leja, akanieleza kwa subira kwamba biashara ni kitu mbali na mwenye nyumba ni kitu mbali. Mitihani haikuwa mali ya biashara, kwa hiyo hasara si ya biashara. Ila mbuzi ameshiba siku nzima bila kununuliwa majani, na hilo limeandikwa upande wa faida.

Wanafunzi wangu waliporudia mtihani, mmoja aliniuliza kama ni kweli mkopo wa mke wangu ndio uliokula maksi zake. Sikuwa na la kumjibu, maana ilikuwa sentensi sahihi kabisa, na ngeli zote zimepatana.

Mojawapo ya maneno ya mwezi huu ni inshuransi. Mwezeshaji amewaeleza kwamba mtu hulipa kidogo kidogo, na siku akifa, walio nyuma yake hupewa fungu kubwa kwa mkupuo. Jana Benki ya Dunia alifika kabla ya mwisho wa mwezi. Aliketi mkekani, akasikiliza somo hadi mwisho, akamtuma Odita ghalani. Mtoto akasimama mbele yangu na kalamu. "Baba, Bibi anauliza una miaka mingapi, na kile kikohozi cha mwaka jana kiliisha?"

Nikamwambia ampelekee Bibi salamu, amwambie nina afya njema, na maswali ya fedha nyumba hii yanajibiwa na Gavana. Akavuka uwanja. Akarudi akaniambia Gavana ameshajibu, na kwamba amewaomba wampe nafasi mpaka Ijumaa, anatafuta kampuni yenye bei nzuri.